Godoro Kwanza, Maiki Baadaye

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hizo video za "vifaa kumi lazima uwe navyo ndio ufungue studio kwako." Lazima kwa nani? Mtu ako kwa nyumba ya mbao huko Marekani, kapeti ukuta hadi ukuta, hakuna kuku, hakuna keateka wa kugonga mlango, anakwambia ununue maiki ya dola mia nne. Halafu msee wa hapa Nairobi anaichukua hiyo video vile ilivyo, anaigeuza Sheng, anaweka linki chini, na kila ukinunua kupitia hiyo linki anadondoshewa kitu kidogo. Hilo ni duka limevaa koti la mwalimu.

Najua venye hiyo biashara inaenda juu nimeletewa. Kuna wauzaji fulani walinitumia skripti ikiwa imeandikwa tayari, hadi pale pa kucheka. Nilikuwa niseme hiyo seti yao "imebadilisha maisha yangu." Hiyo seti sijawahi kuishika. Nilipouliza kama wanaweza kunitumia moja niijaribu kwanza, wakanyamaza hadi leo. Sasa wewe uliye na elfu tano ya jasho lako, au mbaya zaidi elfu tano ya mkopo wa simu, unafikiri ni wangapi hawakuuliza?

Na kabla mtu hajaniuliza nina digrii gani ya sauti: sina. Niliacha chuo mwaka wa pili na nilikuwa nasomea kitu kingine kabisa. Fizikia ya ukuta haiulizi kitambulisho cha mwanafunzi.

Maneno yangu ni haya. Hiyo orodha imepinduliwa juu chini. Kifaa cha kwanza cha studio ya nyumbani ni chumba, cha pili ni saa unayorekodi, na maiki iko mbali sana huko chini. Mtu akikuanzishia na maiki, jua anauza maiki.

Chukua bedsita ya kawaida, tuseme mita tatu kwa mita tatu. Kuta za mawe zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji au tailizi, dirisha la kioo, mlango wa chuma. Hapo hakuna kitu hata kimoja kinachomeza sauti. Piga makofi mara moja, kofi moja tu kavu, usikie venye ukuta unakujibu. Ule mlio wa kama chemchemi ya chuma ndio utaingia kwa wimbo wako, iwe umeimba kwa maiki ya elfu mbili au ya elfu hamsini. Tena ile ya elfu hamsini, kama ni kondensa, itauchukua vizuri zaidi. Umelipa pesa nyingi ndio urekodi ukuta wako kwa ubora wa hali ya juu.

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ndani ya chumba cha mita tatu, kuna noti ya chini, karibu hezi 57, ambayo inatoshea kati ya kuta mbili kama mguu kwa kiatu. Inagonga, inarudi, inajipanga, inasimama hapo. Na juu chumba chenyewe ni mraba, zile kuta mbili zingine zinafanya vilevile kwa noti ileile. Ndio maana ukicheza biti yako kwa kona ya nyumba besi inavuma kama lori, ukisogea katikati ya chumba inapotea kabisa. Haujarogwa na spika hazijaharibika. Ni chumba. Msee anapunguza besi kwa sababu ameketi kona, anatoa wimbo, wimbo unafika kwa matatu ukiwa mwembamba kama chai ya hosteli, halafu anasema anahitaji spika mpya.

Watu wanajibu hili kwa kununua zile sponji nyeusi zenye meno. Zinapendeza kwa video, hilo siwezi kubisha, weka taa ya zambarau na uko sawa. Lakini sponji ya sentimita mbili au tatu inameza sauti za juu tu. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa zaidi ya mita tatu, na wewe unataka kulizuia na kitu chenye unene wa mandazi. Matokeo yake ni chumba kisicho na mng'ao wowote juu na chenye matope yote chini. Trei za mayai ndio kabisa, hizo ni karatasi. Najua umeziona kwa studio ya mtu mtaani. Nami nimeziona. Hazifanyi kazi huko pia.

Kitu kinafanya kazi ni uzito na unene. Godoro. Blanketi nzito za mtumba, zile za Gikomba ambazo ukiitandaza moja tu unatoa jasho. Kabati lililojaa nguo, milango wazi. Na hapa kuna kitu ambacho zile video zinakosea karibu zote: wanaweka sponji nyuma ya maiki. Sasa fikiria. Maiki nyingi za kuimbia zinasikia upande wa mbele na nyuma zina uziwi. Ukiweka sponji kule nyuma umeziba mahali ambapo maiki haisikii sana. Kile maiki inakodolea macho ni wewe, na ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Sauti yako inatoka, inazunguka chumba, inagonga ule ukuta wa nyuma yako na kuingia moja kwa moja kwa maiki. Kwa hivyo simamisha godoro NYUMA YAKO. Tundika blanketi pande mbili, kushoto na kulia, kwa kamba ya nguo na vibanio. Jifungie hapo ndani kama uko ndani ya hema. Utaonekana kichekesho na utatoka jasho, na sauti itatoka kavu na ya karibu, ile unasikia kwa nyimbo za watu wakubwa.

Hiyo imekugharimu shilingi ngapi? Godoro unalilalia tayari.

Jambo la pili, saa. Hakuna orodha ya Wamarekani imewahi kukuambia kuhusu mvua kwa mabati. Hakuna imekuambia kuhusu kesha ya Ijumaa, spika imeelekezwa kwa ploti yenu kana kwamba nyinyi ndio mlitubu mwisho. Hakuna imetaja nganya ikipiga honi ile ya nyimbo saa kumi na mbili asubuhi, ama jirani akisaga karanga. Blanketi zako zinapunguza mwangwi wa ndani, hazizuii kelele za nje, hayo ni mambo mawili tofauti na wauzaji wanapenda sana kuyachanganya. Kuzuia kelele ya nje ni kazi ya mwashi, ukuta ndani ya ukuta, na mwenye nyumba hatakuruhusu. Dawa ya mpangaji ni ratiba. Saa tisa usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, Nairobi hii hukupa muda wa kuimba. Zima friji. Zima feni. Simu iwe mbali, hali ya ndegeni. Andika kwa karatasi ukutani: FRIJI IRUDISHWE. Maziwa si yako peke yako.

Sasa maiki, juu najua mnaningoja hapo.

Kuna seti moja nataka tuiongelee kwa jina, ile ya BM-800. Mnaijua. Maiki nyeusi au ya bluu, mkono wa kukunja, kichujio cha pumzi, waya, wakati mwingine na kikadi kidogo cha USB. Kila duka la elektroniki hapa mjini linayo, na kwa picha inaonekana kama kitu cha redio. Ni kondensa, na kondensa inahitaji kulishwa umeme, voti 48, kupitia waya wa pini tatu kutoka kwa intafesi au kisanduku maalum. Lakini wanakupatia waya ambao upande mmoja una pini tatu na upande mwingine ni kichwa kidogo kama cha hedifoni, uchomeke kwa laptopu. Laptopu haitoi voti 48. Haijawahi. Kwa hivyo maiki inaishi kwa njaa, unainua sauti mpaka mwisho, na unachorekodi ni wewe ukiimba ndani ya mvua. Mtoto wa shule ameweka akiba mihula miwili kununua hiyo seti. Anaisikia, anaamini kwamba shida ni sauti yake. Anaacha kuimba. Hiyo ndio inaniudhi kuliko ile pesa, juu pesa hurudi. Kuna watu wako huko nje wanaamini hawajui kuimba kwa sababu ya waya.

Upande ule mwingine kuna ile maiki ya kifahari, Shure SM7B, ambayo kila podikasti duniani inayo siku hizi. Ni maiki nzuri sana. Nduguye wa kwanza, SM7, alitoka 1973, na ndiye alitumika kwa sauti za Michael Jackson kwa Thriller. Dola mia nne hivi, piga hesabu kwa shilingi 130 kwa dola uone, na hiyo ni kabla ya usafiri na ushuru. Lakini hiyo maiki ni dainamiki yenye sauti ya chini mno, inataka kusukumwa karibu desibeli 60, na intafesi nyingi za bei ya chini zinahema zikifika huko. Watu wanainunua, wanaona haisikiki, wanarudi dukani, wanauziwa kisanduku kingine cha kuisukuma. Orodha haina mwisho. Imeundwa isiwe na mwisho.

Msee wa keja anataka dainamiki ya kawaida. SM58 ipo tangu 1966, na ukiwahi kuona mtu akishika maiki kanisani, kwa harusi au kwa jukwaa, kuna uwezekano mkubwa uliona hiyo au mfano wake. Bei yake huko Marekani ilikuwa dola 99 kwa miaka mingi. Haichukui jirani. Haichukui sana ukuta. Inataka uikaribie, midomo vidole vinne hivi, na uimbe kama unamaanisha. Shida yake hapa ni bandia. Maiki hii inaigizwa sana, na feki yake ina sanduku, ina kimfuko, ina hadi kile kitabu cha maelezo. Ukiuziwa kwa robo bei kwa barabara ya Luthuli na jamaa anakuapia kwa mama yake, jua mama yake hana hatia. Afadhali ununue dainamiki ya jina dogo ambayo ni halali kuliko jina kubwa ambalo ni la uongo.

Kichujio cha pumzi usinunue. Hanga ya waya, stokingi ya dadako, fundi ni wewe. Stendi ndio usicheze nayo. Maiki ikishikwa mkononi inarekodi vidole, na ikiwekwa juu ya meza inarekodi meza.

Lakini ngoja. Hata hiyo maiki, si lazima leo. Unasoma hii kwa kitu chenye maiki ndani. Steve Lacy alitengeneza biti kwa iPhone, kwa programu ya GarageBand, na mojawapo ya zile kazi zake iko kwa albamu ya Kendrick Lamar ya 2017, ule wimbo wa PRIDE. Mtasema hao ni Wamarekani. Sawa, turudi nyumbani. Ethic walipotoa Lamba Lolo 2018, kuna mtu yeyote kwa mtaa wako aliuliza waliimba na maiki gani? Uliskia wimbo, ukaurudia, ukakatazwa kuucheza mbele ya mathe, ukaucheza. Hakuna mtu amewahi kusimamisha densi akague vifaa.

Simu ndani ya lile hema la godoro, imewekwa kwa stendi ama hata imeegemezwa kwa vitabu, kiganja kimoja kutoka mdomoni na ikiwa imeelekezwa pembeni kidogo ili pumzi isiipige, inashinda kondensa yenye njaa ndani ya chumba kitupu. Jaribu zote mbili umfumbe mtu macho aamue. Mimi nimefanya hivyo na marafiki na hakuna aliyechagua seti.

Ukifika mahali pa kununua intafesi, nunua yenye mlango mmoja wa maiki. Moja. Wewe ni mtu mmoja, una mdomo mmoja. Hiyo milango minane ni ya ngoma, na kwa bedsita hautapigia ngoma mahali. Kazi ya intafesi ni tatu tu: kuisukuma sauti ya maiki, kutoa hizo voti 48 kama unazihitaji, na kuigeuza sauti kuwa tarakimu. Rekodi kwa biti 24, hezi 48,000, na usipige taa nyekundu. Hii tabia ya kujaza hadi juu ni ya enzi za kanda. Sauti yako ikicheza karibu na desibeli 12 chini ya kikomo iko sawa kabisa, utaiinua baadaye bure. Ikipasuka wakati wa kurekodi, imepasuka milele.

Na kama unajisikia ukichelewa ndani ya hedifoni, hiyo haihitaji kompyuta mpya kwanza. Ingia kwa mipangilio, shusha bafa hadi sampuli 128. Kwa hezi 48,000 hiyo ni milisekunde chini ya tatu. Ukimaliza kuimba na uanze kumiksi, ipandishe 512 au 1024 ndio laptopu ipumue. Kuna jamaa ameuza laptopu yake ya zamani kwa sababu ya mpangilio mmoja.

Laptopu, nasema laptopu na si destopu, juu ya stima. Stima ikipotea katikati ya kibwagizo, destopu inazima na kazi yako inaenda nayo. Laptopu ya mtumba yenye betri inayoshika hata dakika arobaini ni kifaa cha studio kuliko spika yoyote.

Spika sasa. Usinunue. Nimesema. Umekodi chumba cha mita tatu ambacho tumeshaona kinadanganya kuhusu besi. Ukileta spika za studio humo, zitasema ukweli kwa ukuta na ukuta utakutafsiria uongo. Tena kuna mtoto mchanga nyumba inayofuata. Nunua hedifoni za kufunika masikio, zenye waya. Sony MDR-7506 imekuwa ikiuzwa tangu 1991 na bado watu wa redio na filamu wanaivaa, hiyo inakwambia kitu kuhusu hili shindano la "toleo jipya." Hazihitaji kuwa hizo. Zinahitaji kufunga vizuri ndio biti isivuje iingie kwa maiki, na zinahitaji waya, juu Bluetooth inachelewesha sauti na huwezi kuimba na kivuli chako. Halafu ukimaliza, sikiliza wimbo kwa spika ya simu ya mtu maskini, kwa redio ya kinyozi, na umwombe makanga akuchezee mara moja. Matatu ndio chumba cha masta cha nchi hii. Ikipita huko imepita.

Programu ni mahali pengine watu wanapigwa. FL Studio iliyovunjwa, umepewa kwa flashi na jamaa wa saiba, imekuja na virusi vinne na siku moja inakataa kufunguka na kazi zako zote ziko humo. Kwa nini? BandLab ni ya bure na inafanya kazi hadi kwa simu. GarageBand inakuja na vifaa vya Apple. Audacity ni ya bure. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu bila kufungiwa chochote, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ukipenda FL basi weka akiba ununue, masasisho yake ni ya bure maisha yote. Kusema "hatuwezi kumudu" wakati huohuo umevaa raba za elfu nne ni kujichekesha.

Sasa nifike kwa kile kinanifanya niandike haya yote saa hii.

Kifaa ambacho hakipo kwa orodha hata moja nimewahi kuona ni diski ya pili. Diski ya kawaida tu ya kuhifadhi, ya kuchomeka. Muulize msanii yeyote mtaani aliye na nyimbo kumi, faili za zile nyimbo ziko wapi? Ziko kwa prodyuza. Sauti zilizotenganishwa, projekti yenyewe, kila kitu, kwa kompyuta ya mtu mwingine, ambaye mkikosana hashiki simu. Msanii ana MP3 aliyotumiwa kwa WhatsApp. Halafu wimbo unashika, tangazo linautaka, watu wanataka toleo la biti pekee, na ghafla prodyuza anasema yeye ndiye mwenye wimbo. Si mambo mapya. Malaika uliimbwa hadi mwisho wa dunia na bado watu wanabishana ni nani aliutunga. Hiyo ni miaka sitini ya ubishi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema mtunzi wa rekodi ya sauti ni yule aliyefanya mipango ya rekodi hiyo kufanyika. Soma tena hiyo sentensi polepole. Ukirekodi kwako, kwa godoro lako, kwa kompyuta yako, kwa muda wako, mpangaji wa hiyo rekodi ni nani? Na faili ziko wapi? Ziko kwako, mara mbili, moja kwa laptopu na nyingine kwa diski iliyo kwa shangazi Kitengela ndio mwizi asibebe zote kwa usiku mmoja. Hiyo ndio maana ya studio ya nyumbani. Mkija kuandikiana na mtu, unaandikiana ukiwa umeshika kitu.

Na kwa wasichana, hili ni kubwa zaidi, na wanaume tunalipitia haraka sana. Studio nyingi za mtaani ni chumba kimoja kisicho na dirisha, mlango unafungwa kwa sababu ya kelele, na "nafasi" inapatikana saa nne usiku. Dada anayetaka kuimba ameambiwa alipe kwa pesa au alipe vinginevyo, na wale wanaokataa ndio huwasikii kwa redio. Tukiwaambia kwamba studio ya nyumbani inahitaji laki moja, tunawarudisha kwa ule mlango. Kila mtu anayepandisha bei ya kuanza bila sababu anashiriki hapo, hata kama nia yake ilikuwa linki tu. Ndio maana sioni hii kama ubishi wa vifaa. Msichana aliye na simu, blanketi tatu na programu ya bure anaweza kuimba saa kumi alfajiri nyumbani kwao, mamake akiwa chumba cha pili, akapeleka sauti zilizokamilika kwa prodyuza kupitia intaneti bila kuingia kwake hata siku moja. Mnajua hiyo inavunja nguvu ya nani?

Watakuja maprodyuza hapa kusema nadharau kazi yao. La. Kwaya ya watu ishirini huwezi kuirekodi kwa bedsita. Ngoma halisi, huwezi. Kuna masikio ya miaka kumi na tano ambayo godoro haliwezi kukupa, na wimbo wako mzuri ukifika, mlipe mtu mwenye hayo masikio aumiksi, umlipe vizuri na kwa maandishi. Lakini umlipe kwa kazi anayoiweza na wewe huiwezi. Kumlipa kwa saa nne za wewe kutafuta noti ukiwa mbele yake na mita inahesabu, hiyo ni kodi ya woga.

Wengine watasema ubora. "Wasikilizaji wa siku hizi wanataka ubora." Wasikilizaji wa siku hizi wanasikiliza kwa sikio moja la earpod ya mia tatu, lingine lilipotea. Wanachotaka ni kuskia maneno yako na kukuamini. Chumba kavu, sauti ya karibu, maneno wazi. Hiyo ndio ubora, na hatujatumia pesa bado.

Mkopo wa simu usikope kwa hii kitu. Maiki haitalipa riba wiki ijayo. Haitalipa hata mwaka ujao, pengine, na hiyo app itakuwa imempigia simu hadi mwalimu wako wa darasa la sita. Anza na ulichonacho, na ununue kifaa kinachofuata siku ile utaweza kusema kwa sentensi moja ni nini hasa kilichopo kinakuzuia kufanya. "Hedifoni zangu zinavuja biti kwa maiki," hiyo ni sababu. "Nimeona msee fulani anayo" si sababu.

Kama ulishanunua BM-800, usiitupe. Tafuta kile kisanduku cha voti 48 na waya kamili wa pini tatu pande zote mbili, utoe ule waya wa uongo, upitishe hiyo sauti kwa intafesi ukipata ya kuazima. Shusha sauti ya maiki. Godoro nyuma, blanketi kando, saa tisa usiku. Utashangaa ni mashine tofauti. Na jogoo wa ploti ya pili akiwika katikati ya beti ya mwisho, sikiliza kwanza kabla hujafuta. Yangu moja niliiacha, na iko kwa noti.